Ufunguo wa Mfereji wa Kwamgumi

Sogeeni karibu, na mwenye kikombe cha maji akiweke chini kwanza, maana hadithi hii ukiimeza na maji itakupalia.

Kwamgumi walilima muhogo mchungu. Kikaja kiwanda cha kusaga unga, kikajengwa upande wa juu wa kijiji, watu wakapata kazi, wakashangilia. Maji ya kuoshea muhogo yalimwagwa shimoni nyuma ya kiwanda. Nani aliuliza yanakwenda wapi? Shimo halijai, basi Mungu mkubwa!

Walikuwapo watatu wenye vipaji. Bi Mwanjaa alikuwa na ulimi: mpe tone la maji, atakwambia limetoka kisima gani. Fundi Semboja alichimba visima, na ardhi akiijua kama shamba lake. Kidawa, mmenya muhogo kiwandani, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu.

Siku moja Bi Mwanjaa akaonja maji ya kisima cha kijiji, akatema. "Jamani, haya yana uchungu wa muhogo!"

"Bibi, ulimi umezeeka huo," wakamcheka.

Alizunguka nyumba hadi nyumba akimwaga mitungi ya watu, akitukanwa. Huku nyuma mjukuu wake Mbaruku alikuwa akinywa kwa majirani. Mtoto akaugua tumbo, akadhoofu, akafa. Hata maji ya kumwoshea maiti yalitoka kisima kile kile. Bibi aliomba mengine, akaambiwa hakuna. Uchungu ulioje huo!

Baada ya maziko Fundi Semboja akasema, "Kisima kikiharibika, dawa yake kukitapisha." Ndivyo walivyofanya babu zao: huteka maji yote, huzoa tope, hungoja maji mapya. Wakatapisha, wakatapisha tena, na kila mara uchungu ulirudi mkali zaidi. Maskini fundi, kumbe alikuwa akiyavuta maji ya shimoni yaje upesi! Alipotambua alilia mbele za watu. Kisha akashika sururu, akachimba peke yake kutoka kisimani kuelekea kiwandani, mpaka akakuta udongo unatoa maji machungu. Kifua alichokipata humo ndani hakijapona hadi leo, lakini njia ya sumu ikaonekana.

Mkaguzi wa maji akaitwa. Msimamizi wa kiwanda akamwonyesha shimo kavu, limefagiliwa. "Sisi hatumwagi kitu, bwana."

Mkaguzi alikwisha kugeuka aondoke. Ndipo Kidawa akaweka kisu chini. "Mkija nyie, maji huelekezwa kwenye kisima cha zamani humu kiwandani, chini ya magunia yale. Njooni muone." Akayafunua mwenyewe. Siku ileile akafukuzwa kazi, na nyumbani ana mama mgonjwa anayemtegemea yeye tu.

Bi Mwanjaa akamuuliza, "Mwanangu, ulijua tangu lini?"

"Tangu zamani, bibi. Niliogopa njaa."

Bibi alimtazama, akajifunika kanga usoni.

Mkaguzi akaamua: kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji, na mfereji wa kutokea uwe na lango lenye kufuli. Tone lisitoke kabla ya kupimwa. Ufunguo ni mmoja, na atakayeushika ni mtu mmoja wa kijiji. Mabwawa yakajengwa, mkaguzi akarudi na ufunguo.

"Nipeni mimi," akasema Bi Mwanjaa. "Mimi nimezika."

"Wewe hutafungua kamwe, bibi," wakapinga wanakijiji. "Kiwanda kikifa, watoto wetu watakula nini?"

"Wa kwangu hali tena chochote."

Mmoja akamtaja Semboja, kwani nani anajua maji yapitako kama yeye? Wengine wakaguna: si ndiye aliyeyavuta hadi kisimani? Mwingine akasema Kidawa, anayejua hila zote za kiwanda. Wakamjibu kwamba aliyenyamaza kwa njaa atanyamaza tena, na njaa nyumbani kwake sasa ndiyo imezidi.

Basi mkaguzi bado amesimama na ufunguo mkononi. Mabwawa yanajaa, na wingu zito limetanda juu ya kiwanda. Bi Mwanjaa amekaa kando, midomo imemkauka, maji hataki.

Haya, nyie mlionisikiliza, semeni. Yupi kati ya hao watatu mngempa ufunguo? Na mkishampa, nani kati yenu angekwenda kisimani kumtekea mwanawe maji?