Papai Bichi la Somoe

Itikieni, wana wa jikoni, chungu ki motoni!

Zimwi lilimtupia Somoe paja la fahali mzee, likamshika mwanawe. "Pika! Nyama isipolainika kabla kuni hazijaisha, namla huyu."

Somoe akachochea kuni. Zimwi likaonja. "Ngumu!" Akaongeza maji, akapuliza moto mpaka macho yakamvimba kwa moshi. "Ngumu!"

Kikabaki kijinga kimoja tu cha moto. "Mola wangu, mwanangu anakwenda!" Hapo akakumbuka mamaye alivyolainisha nyama kwa papai bichi. Akaponda mapapai yote ya mpapai wa uani, pamoja na utomvu, akayamimina chunguni.

Zimwi likatafuna, likalamba chungu. "Laini! Lakini njaa haijaniisha." Likamng'ata mtoto.

Somoe akapiga ukunga. Mtoto akacheka. Meno ya zimwi yalikuwa yamelainika pamoja na nyama, na ufizi mtupu hutekenya.