Jina Moja kwenye Kibali

Sogeeni karibu. Aliye nyuma asiposikia, anyooshe mkono. Hadithi ya leo ina mwanzo na ina katikati, lakini mwisho wake sina. Nitauomba kwenu.

Mjini Tanga, kule Ngamiani ambako barabara huitwa kwa namba, waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Bi Mwanakombo, fundi cherehani wa Barabara ya Tisa. Kipawa chake kilikuwa macho. Akitazama kitambaa kilicholala mezani, yeye alikwisha kuona gauni lililosimama.

Wa pili ni Bi Tunu, mpishi wa shughuli. Kipawa chake kilikuwa hesabu, ingawa hakuwa na hata kalamu. Ukimtajia idadi ya wageni, alikujibu kilo za mchele kabla hujafunga mdomo.

Wa tatu ni Mbwana, refa wa mechi za mtaani. Kipawa chake kilikuwa muda. Hakuvaa saa, lakini alijua nusu dakika imekwisha kama wewe unavyojua kwamba njaa imeingia. Kipawa hiki hakuzaliwa nacho. Alikipata kwa uchungu, na mtasikia.

Sasa, Mbwana alikuwa na binamu yake, msichana wa miaka kumi na tisa, jina lake Saumu. Saumu alitaka kitu kimoja: kuwa ofisa wa meli za mizigo, yule anayesimama juu na kuielekeza meli. Kampuni moja ilitangaza nafasi mbili za mafunzo. Waombaji walikuwa wengi, kwa hiyo kulikuwa na mtihani wa kupima akili. Ulikuwa na sehemu tatu: hesabu, maumbo na kasi. Kila sehemu maswali ishirini, dakika kumi. Asiyepata kumi na tano katika sehemu yoyote anarudi nyumbani, hata kama nyingine amepata zote. Na mtu huufanya mtihani huo mara moja tu maishani.

Kampuni iliwapa waombaji karatasi ya mazoezi. Saumu aliifanya mezani kwao, mama yake akimshikia saa. Hesabu alipata tisa. Maumbo alipata manne. Kasi hakufika hata nusu ya maswali.

Mama yake aliiweka saa mezani. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Sita."

"Basi usikae hapa kunitazama mimi. Mimi nauza maandazi. Nenda kwa wanaojua."

Saumu akaondoka siku ileile.

Alianza kwa Bi Mwanakombo, akamwonyesha maswali ya maumbo. Unapewa kipande chenye pembe pembe, kisha vingine vinne vilivyogeuzwa huku na huku. Ni kimoja tu kilicho sawa na cha kwanza.

"Umechagua hiki?" fundi aliuliza. "Mwanangu, hiki ni mkono wa kushoto. Cha kwanza ni mkono wa kulia. Ungekuwa mwanafunzi wangu ungemshonea bibi harusi mikono miwili ya upande mmoja!"

"Mimi naona vinafanana, Bi Mwanakombo."

"Vinafanana kama wewe na kivuli chako kwenye kioo. Ngoja."

Alitaka kumkatia vipande vya kujifunzia, lakini vitambaa vyote dukani vilikuwa vya wateja, na vingi vilikuwa sawa mbele na nyuma. Mwisho alifungua sanduku, akatoa satini ya kijani. Marehemu mumewe alimletea satini hiyo mwaka aliofariki. Watu walikuwa wamemwomba awauzie, akakataa. Mwenyewe hakuwahi hata kuipima mwilini. Uso wa satini hiyo uling'aa, mgongo wake ulikuwa mkavu usio na mng'ao.

Saumu alipoona mkasi, alishtuka. "Bi Mwanakombo, hiyo si ya..."

"Najua ni ya nani. Shika huku, ivutike."

Akakata vipande kumi na viwili. "Sasa kizungushe upendavyo," akasema, "lakini usikipindue. Ukitaka kifanane na kile cha pili halafu ukajikuta unatazama mgongo, kiache. Si chenyewe." Kila siku baada ya adhuhuri Saumu alizungusha satini kwenye meza ile, mpaka akawa anaizungusha kichwani, mikono ameikunja.

Kutoka hapo alikwenda kwa Bi Tunu, akamsomea maswali ya hesabu. Bi Tunu alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Hayo ndiyo mnayafanyia mtihani? Hayo ni pilau tu! Kilo moja ya mchele watu wanane. Wageni mia na ishirini?"

Saumu akatafuta kalamu.

"Weka chini kalamu! Wageni wana njaa!"

"Kilo... kumi na tano?"

"Haya. Wamekuja thelathini na mbili bila mwaliko, wote wa upande wa bwana harusi."

"Nne zaidi. Kumi na tisa."

"Unaona?"

Wiki ya tatu, Bi Tunu alimpa shughuli ya kweli, harusi ya wageni mia mbili. "Kadiria mchele wewe. Mimi sitahakiki. Ukijua kuna mtu nyuma yako atakayerekebisha, hutajifunza." Saumu, kwa haraka, aligawa kwa kumi badala ya nane, kwa sababu kumi ni rahisi. Akasema kilo ishirini. Bi Tunu alishika neno lake, hakusahihisha, zikapikwa kilo ishirini. Wageni arobaini wa mwisho walikaa kwenye mkeka, sinia zikaja zina ndizi na mchuzi mtupu.

Mama wa bibi harusi alikuja jikoni amejishika kiuno. "Nani aliyepima mchele?"

Saumu alifungua mdomo. Bi Tunu akatangulia. "Mimi. Nimekosea, dada yangu. Nisamehe."

Miaka ishirini na mbili ya kupika, na hakuna aliyewahi kuondoka na njaa kwenye shughuli yake. Mwezi ule walighairi wateja wawili. Saumu alipomlilia, Bi Tunu alimwambia, "Futa machozi. Kilo moja watu wangapi?"

"Wanane."

"Sema tena."

Na Mbwana? Saumu alimwacha mwisho, kwa sababu alimwonea huruma. Miaka miwili nyuma Mbwana naye aliufanya mtihani huuhuu, akarudi akasema amekataliwa kwa sababu macho yake hayatofautishi rangi, na ofisa wa meli lazima azitambue taa za rangi baharini. Mtaa mzima uliamini. Tangu hapo, kila alipotoa kadi nyekundu uwanjani, wachezaji walimzunguka: "Refa, hiyo njano! Huoni rangi wewe!" Naye alivumilia.

Alipoona Saumu amekaa dakika tano juu ya swali moja, alimnyang'anya karatasi.

"Unafanya nini?"

"Hili nalijua, kaka. Limebaki kidogo tu."

Mbwana aliikunja karatasi ile. Kisha akasema, "Macho yangu ni mazima, Saumu."

"Nini?"

"Naona rangi zote. Swali la saba ndilo lililoniangusha. Nililijua. Limebaki kidogo tu, nikajiambia. Nikakaa nalo dakika sita. Maswali kumi na matatu nyuma yake sikuyasoma hata moja. Tangu siku ile nahesabu nusu dakika kichwani, usiku na mchana." Akatazama chini. "Sikumwambia mtu. Niliona afadhali wacheke macho yangu kuliko akili yangu."

Kisha akatoa filimbi. Kila nusu dakika alipuliza, na filimbi ikilia Saumu aliruka swali, hata kama limebaki neno moja. Majirani walilalamika. Mmoja aliuliza dirishani, "Huyo binti ana kosa gani, mbona faulo haziishi?" Mbwana akamjibu, na akawaeleza na wengine waliokusanyika, kwa nini anapuliza na yeye mwenyewe alianguka vipi. Hakutaka Saumu ajifunze kwa kujificha. Siku zile mazoezi ya satini, ya mchele na ya filimbi yalifuatana bila kukosa hata siku moja, Ijumaa na Jumapili pia.

Siku ya mtihani ikafika.

Kwenye hesabu lilikuja swali: meli inatumia tani sita za mafuta kwa saa nane, je, kwa saa ishirini? Mkono wa Saumu ulitaka kugawa kwa kumi. Jibu la kumi na mbili lilikuwapo palepale, linamngoja. Akawaona wageni arobaini kwenye mkeka. Akaandika kumi na tano.

Kwenye maumbo kulikuwa na vipande viwili vilivyofanana kabisa. Akafumba macho, akazungusha kitambaa cha kijani. Kimoja kilimwonyesha mgongo. Akachagua kingine.

Kwenye kasi, swali la sita alikuwa analijua. Limebaki kidogo tu. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, lakini yeye alisikia filimbi. Akaliacha, akaenda la saba.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Hesabu, kumi na tano. Maumbo, kumi na tano. Kasi, kumi na tano. Hakuna hata alama moja ya ziada. Kati ya waombaji wote, wawili tu walivuka sehemu zote tatu. Nafasi mbili, na moja ni ya Saumu.

Chini ya barua kulikuwa na maneno haya: *Siku ya kuripoti, kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, atavishwa alama za bega melini na mtu mmoja aliyemfikisha hapo. Mtu mmoja tu ataruhusiwa kupanda.*

Saumu alimpelekea mama yake barua. Mama alikataa kabla hajaulizwa. "Mimi nimekuvisha nguo tangu ulipozaliwa, nimeshiba. Chagua katika wale watatu."

Asubuhi ya kuripoti, wote watatu walifika kwenye geti la bandari wamependeza.

"Alama za bega hushonwa," alisema Bi Mwanakombo. "Nani mwingine hapa anajua bega liko wapi?"

"Ataniacha mimi nje?" alisema Bi Tunu. "Niliyelala na njaa ya watu arobaini kichwani?"

"Mimi nitabaki," alisema Mbwana, halafu akaitazama meli, ndefu, yenye ngazi iliyoning'inia ubavuni, na macho yake yakabaki palepale. Ile ndiyo ngazi ambayo angepanda yeye.

Bi Mwanakombo aliona. Bi Tunu naye aliona. Lakini Bi Mwanakombo alikuwa ameshika kipande kimoja cha satini, kati ya vile kumi na viwili, na vidole vyake vilikuwa vikikikunja na kukikunjua. Na Bi Tunu, tangu ile harusi, hakuna aliyekuwa amemwita mahali popote kwa heshima.

Mlinzi wa geti alisukuma kibali dirishani, na kalamu juu yake. Palikuwa na mstari mmoja mtupu.

"Binti, andika jina. Meli haisubiri."

Mmoja alitoa kitambaa alichoachiwa na marehemu. Mmoja alitoa jina lake zuri. Mmoja alitoa siri yake. Ondoa mmoja wao, na Saumu hayuko pale getini.

Saumu ameshika kalamu. Wenzangu, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Kalamu hiyo sasa iko mkononi mwako. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao wawili wanaobaki nje ya geti, ungewaambia nini?