Nani Apewe Chumba cha Mbele?

Haya, sogezeni viti, na wewe mwenye simu izime sauti. Hadithi yangu ya leo ina kichwa, ina kiwiliwili, ina na miguu. Mkia tu ndio sina. Mkia mnao nyinyi, na mkishindwa kuutoa msije mkanilaumu.

Palikuwa na watu watatu pale Same, chini ya milima ya Upare, mji ambao upepo wake unakutia vumbi kwenye chai kabla hujaikoroga. Wapare hao. Mimi ni Msambaa, jirani na mtani wao, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema: Mpare akikuazima kijiko, anakusubiri mlangoni umalize kula. Lakini hawa watatu siwasemi kwa utani. Hawa niliwapenda.

Wa kwanza ni Mwalimu Eliesikia, mwalimu wa jiografia. Mungu alimjalia miguu. Alikuwa akitembea mpaka njia inachoka yeye hajachoka.

Wa pili ni mkewe, Namkunda. Huyu alijaliwa mikono. Mpe konzi mbili za mahindi na moja ya maharage, atakulishia watu mpaka waombe maji ya kunawa.

Wa tatu ni binti yao wa pekee, Nakiete. Kipaji chake hukukiona kwa macho, maana kilikuwa moyoni. Alikuwa mtoto asiyeomba. Dukani hakuvuta gauni la mama yake, sikukuu haikumtoa machozi, na akipita kwenye meza ya pipi anaangalia mbele kama askari wa gwaride.

Sasa hawa walijenga nyumba kwa mkopo wa benki. Miaka ishirini walipewa ya kulipa, na hati ya nyumba ikakaa benki. Wengine tungeshukuru Mungu tukalala. Mwalimu hakulala. Alipiga hesabu akaona atastaafu deni likiwa bado bichi.

"Mama Nakiete," alimwambia mkewe, "hili deni tulimalize kwa miaka kumi. Mimi nilipokuwa darasa la tano, nilisimama barabarani na masufuria ya mama yangu, mtu mwingine anafunga kufuli kwenye mlango wetu. Sitaki mwanangu aione kufuli ile."

Namkunda akamtazama mumewe, akaona macho yamelowa. Akasema, "Tutajinyima, Mwalimu. Kujinyima hakuui."

Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule na vyumba viwili. Cha nyuma kidogo, cha wazazi. Cha mbele kikubwa, madirisha mawili, na mlango wake peke yake unaotazama barabara. Hicho kilikuwa cha Nakiete. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa amelala humo mwezi mmoja tu. Alikuwa ameshabandika ukutani picha za kalenda, twiga na mlima.

Mpangaji akapatikana, muuguzi mmoja anaitwa Sista Hilda, mwanamke mtulivu, kodi yake haichelewi. Siku anahamia, hakuna aliyemwambia Nakiete abebe godoro. Alilikunja mwenyewe, akalifunga kamba, akaliburuta mpaka sebuleni nyuma ya makochi. Picha akaziacha, akasema labda Sista atazipenda.

Hapo baba mtu akashikwa na uchungu, akatamka maneno mbele ya wote, mpangaji akiwa shahidi: "Siku deni hili likiisha, chumba hiki kitakuwa cha yule aliyelivuta kwa nguvu kuliko wenzake mpaka likaisha. Atakifanyia anachotaka, na hakuna wa kumuuliza."

Basi wakaanza. Nisiwachoshe na miaka kumi, nyote mnajua kujinyima kulivyo. Soda ilikuwa ya mgeni, na mgeni alikuwa wa nadra. Sukari ilipimwa kwa kizibo. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakachoka, wakahamia kwa wengine.

Na deni likaisha. Kumi kamili, jamani!

Mwalimu alikwenda benki akarudi kwa miguu, hati ameiweka ndani ya shati, juu ya fulana, isiguswe na vumbi. Namkunda alinawa mikono mara tatu ndipo akaishika. Aliinusa. Nakiete akaisoma kwa sauti toka juu mpaka chini, hata namba za kiwanja, na Mwalimu akasema, "Rudia." Akarudia. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena.

Siku hiyo Namkunda alipika makande ya nyama. Wakala kwa furaha, ila mwisho wa chakula vilibaki vipande vitatu bakulini. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake. Vikakaa pale mpaka vikapoa, na Namkunda akavifunika kwa ajili ya kesho.

Wiki hiyohiyo Sista Hilda akapata uhamisho. Akawakumbatia, akaweka ufunguo mezani, akasema, "Mwalimu, mimi ni shahidi. Usisahau ulichosema." Mnajua wenyewe, ahadi ni deni. La benki lilikuwa limekwisha, hili ndilo lilikuwa limebaki.

Lakini hebu sikieni kosa alilolifanya yule mwalimu. Jumatatu alipita kijana mmoja bwana mifugo, mgeni mjini, anatafuta chumba. "Nasikia kuna chumba hapa. Nalipa miezi sita kwa mkupuo." Na Mwalimu, kwa mazoea ya miaka kumi, mdomo ukajibu kabla ya kichwa: "Karibu sana baba. Njoo Jumamosi na vitu vyako."

Namkunda alitoka jikoni na mwiko. "Baba Nakiete! Umepangisha tena?"

Mwalimu akashika kichwa. "Lahaula! Nimesema nini mimi?"

"Umesema aje na vitu vyake!"

"Basi mpaka Jumamosi chumba kiwe na mwenyewe," alisema Mwalimu. "Akija akikuta kina mtu, nitamwomba radhi na atanielewa. Akikuta kitupu, nitamwambia nini? Neno langu atakuwa nalo."

Ijumaa jioni wakakaa sebuleni, ufunguo katikati ya meza. Na kila mmoja alijua mwenzake anakihitaji kile chumba, kwa sababu nyumba ile haikuwa na siri.

Mwalimu alikuwa anastaafu mwaka unaofuata, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa kazi. Angekuwa na chumba chenye mlango wa barabarani, angeweka mabenchi, wanafunzi wa tuisheni wakamfuata, yeye akafundisha ameketi.

Namkunda alikuwa anauza vitumbua stendi, upepo wa Same unampiga usoni, macho yake mekundu kwa moshi na vumbi. Daktari alishamwambia aondoke kwenye vumbi. Angekuwa na chumba kile, angefungua mgahawa mdogo, meza mbili tu, dari juu ya kichwa.

Na Nakiete? Alikuwa amemaliza kidato cha sita. Mwezi wa kumi angeondoka kwenda chuo, arudi likizo kwa likizo. Miezi mitano ilikuwa imebaki. Miaka kumi alikuwa amelala nyuma ya makochi, wa mwisho kulala kwa sababu sebule ni ya wote, wa kwanza kuamka kwa sababu ya ufagio. Miaka yote hiyo hakuwahi kufunga mlango akasema, hapa ni kwangu.

Mwalimu ndiye aliyeanza kusema. "Mimi nasema chumba ni cha Mama Nakiete. Mshahara wangu ulikuwa wa kuleta tu, na pesa ya kuleta hupotea isipopata mtu wa kuishika. Huyu alipika makande Jumapili tukala mpaka Jumatano, na hakuna siku yalipokuwa na ladha ya jana. Leo mchicha, kesho karanga, keshokutwa kitunguu na pilipili, unadhani ni chakula kipya. Harusi ya mdogo wake alivaa kitenge alichokigeuza ndani nje, akacheza kuliko bibi harusi. Faida ya vitumbua yote ilikwenda kwenye upatu, na upatu ukitoka unakwenda benki. Haya macho mekundu ndiyo risiti yangu. Ufunguo chukua wewe, mke wangu."

Namkunda hakuunyooshea mkono. Alisema, "Mimi nasema ni cha Nakiete. Kodi ya Sista Hilda ililipa deni mwezi hadi mwezi, na Sista alilala kwenye kitanda cha nani? Kidato cha pili shule yao ilikwenda kuona wanyama Mkomazi. Barua ya mchango niliikuta kwenye daftari lake, ameikunja vidogo vidogo. Nikamuuliza, kwa nini hukutuonyesha? Akanijibu, 'Mama, tembo ninawajua kwa picha.' Nilikwenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi. Mimi na wewe, Mwalimu, tulijinyima kwa kupenda. Huyu hatukumuuliza. Mwanangu, shika ufunguo wako."

Nakiete alikuwa ameinamisha kichwa. Naye akasema, "Mimi nasema ni cha Baba. Shule yake iko kilometa saba kutoka hapa. Saba kwenda, saba kurudi, miaka kumi, jua na vumbi. Bodaboda walikuwa wanampigia honi, mwisho wakaacha, wakamwita Mwalimu Kilometa. Mnafikiri sijui kwamba viatu alivibeba kwenye mfuko? Alitembea na katambuga za matairi mpaka karibu na lango, ndipo akavaa viatu, wanafunzi wasimcheke. Nilimfuata siku moja nikamwona amekaa kwenye jiwe, anajifuta miguu kwa leso. Nauli ile yote ilikuwa deni hili. Na nani aliyeliwaza hili jambo tangu mwanzo? Bila Baba tungekuwa bado tuna miaka kumi mbele yetu. Baba, ukae sasa. Goti limechoka."

Mwalimu akalitazama goti lake. Akatoa leso.

"Mimi nitachukuaje chumba cha mtoto?" akasema mwishowe.

"Na mimi nitachukuaje cha mgonjwa wa goti?" akasema Namkunda.

"Mimi naondoka, Mama. Nitakifungia nini?" akasema Nakiete.

"Utafunga mlango, mwanangu. Hata kwa miezi mitano. Ufunge tu, ujue kulivyo," mama yake akamwambia.

Nakiete alipenda mlango ule, jamani, msifikiri hakuupenda. Aliuangalia ufunguo mpaka macho yakamjaa. Lakini akawaza macho ya mama yake stendi, akawaza goti la baba yake, mkono ukabaki pajani. Na Namkunda akawaza godoro lililofungwa kamba. Na Mwalimu akawaza kitenge kilichogeuzwa. Wale watu walikuwa wamejinyima kwa muda mrefu hata kupokea kukawashinda. Mimi hilo ndilo linaloniuma.

Kugawa haikuwezekana. Meza za mgahawa na mabenchi ya tuisheni haviingii pamoja, na mtoto halali katikati ya vitumbua na ramani. Kusema kipewe mmoja sasa na mwingine baadaye, Mwalimu alikataa. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, aliyelivuta deni kuliko wenzake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Jumamosi asubuhi ikafika. Ufunguo bado uko mezani. Nje mkokoteni unalia, godoro juu yake, ndoo, na baiskeli ya bwana mifugo. Kijana wa watu ana furaha, anapiga na mluzi. Anagonga ule mlango wa mbele: ko, ko. "Hodi hapa! Mwalimu, nimekuja!"

Na ndani watatu wanatazamana.

Nimewahi kuuliza watu. Madereva wa malori waliniambia ni cha baba, aliyeanzisha safari ndiye mwenye usukani. Akina mama wa sokoni wakaniambia mgonjwa wa macho ndiye wa kwanza, na nyumba hushikwa na mwanamke. Vijana wakanipigia kelele: cha Nakiete, kilikuwa chake tangu mwanzo, hao wengine walimkopa hawajamrudishia! Akasimama mzee mmoja akasema anayenyimwa hajachangia kitu, anayejinyima ndiye amechangia. Nusura wamtoe nje.

Mimi sijui. Kila nikimchagua mmoja, nawaona wale wawili wanatabasamu na kusema ni sawa tu, na tabasamu lile silipendi.

Haya, nimefika mwisho wa ninachokijua. Aliyeleta, aliyetunza, na aliyetolewa chumbani kwake bila kuulizwa. Usiniambie wote, chumba ni kimoja na mlango ni mmoja. Na usiniambie kesho, maana bwana mifugo anagonga mara ya pili, na wao wenyewe, ukiwaachia, watamfungulia.

Je, wewe ungempa nani ule ufunguo?