Mwokozi wa Fundi Shemweta

Mwokozi hupimwa mezani. Mmeambiwa hivyo asubuhi hii na yule mzee wa miwani mizito, mkanuna, mkauliza ni nani aliyetunga maneno ya kuchosha watu namna hii. Kaeni basi. Yalikotoka si mbali.

Fundi Shemweta alistaafu kwenye karakana ya kiwanda cha mkonge, na furaha iliyombakia ilikuwa helikopta ya rimoti aliyoiunda kwa mikono yake. Kila Jumapili aliirusha hapa hapa, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za shamba, pamoja na wastaafu wenzake. Lakini macho yakaanza kumtupa mkono. Chombo kikienda mbali alikiona doa tu, asijue pua iko wapi wala mkia uko wapi. Mwaka ule aliangusha mara mbili, na mara ya pili nusura aumize watu. Binti yake Nambua hakumgombeza. Alisema tu, "Baba, ukiangusha tena, uache." Naye akaahidi.

Ndipo alipofunga mwokozi. Ni swichi kwenye rimoti. Ukipotewa na chombo unaibonyeza, na kisanduku kilichomo tumboni mwa helikopta kinachukua usukani: kinainyoosha, kinaipandisha, nawe unapumua. Bila swichi ile Shemweta hakuwa na namna ya kuendelea kurusha, na alilijua hilo vizuri.

Wazee wale walikuwa na desturi. Chombo chochote kilichoguswa ndani ya wiki hupita mezani kwanza. Mapanga yanayozunguka juu ya chombo yanatolewa, waya za mota ya kuyazungusha zinachomolewa, kisha mwokozi anabonyezwa mbele ya mtu wa pili. Vishikio vya mapanga vikielekea kunyanyua, nenda karushe. Vikielekea kukandamiza, rudi nyumbani. Meza ilikuwa ya Bi Namkunda, nesi mstaafu, mtu asiyeamini hata saa yake mwenyewe.

Wiki hiyo Shemweta alibadilisha vimota vidogo vinavyoinamisha mapanga ili yanyanyue au yakandamize. Alipomaliza aliona mambo yamekwenda kinyume: akisukuma rimoti juu, mapanga yanakandamiza chini. Dawa yake ilikuwa kukirekebisha kisanduku chenyewe, kwa kompyuta na maandishi madogo kama sisimizi. Ilikuwa siku ya tatu ameinama, shingo inamuuma, macho yanamtoka machozi. Akageuza mwelekeo kwenye rimoti tu. Akasukuma juu, mapanga yakanyanyua. Akaenda kulala.

Jumapili Namkunda akamuuliza, "Umegusa nini?"

"Vimota tu."

"Toa mapanga, Fundi."

"Dada yangu, nimechoka. Nimeyafunga tangu alfajiri. Mwokozi si ulimpima mwenyewe mwezi uliopita?"

"Nilipima helikopta ya mwezi uliopita."

"Niachie leo tu, Namkunda. Nakuomba."

Jua lilikuwa limeshapanda, na Namkunda naye miguu ilimvimba. Akaguna, akampisha. Hilo nalo lisemwe, maana kuchoka hakukuwa kwa mtu mmoja.

Helikopta iliruka vizuri. Dakika tano Shemweta alisahau shingo na macho. Kisha ikavuka ukingo wa mkonge, ikawa doa. Hakuogopa. Alibonyeza swichi.

Helikopta ikajinyoosha vizuri kabisa, halafu ikashuka kwa nguvu zote za mota.

"Iachie!" Namkunda akapiga kelele. "Achia swichi!"

Shemweta akazidi kuing'ang'ania. Nani humwachia mwokozi wake katikati ya hatari? Mlio ukasikika mle mkongeni, kisha kimya.

Waliubeba mzoga wa helikopta hadi mezani. Kisanduku kilikuwa bado kizima. Namkunda akachomoa waya za mota, akatoa mapanga yaliyovunjika, akaunga betri. Shemweta akasukuma rimoti juu: vishikio vikanyanyua. Akabonyeza mwokozi: vishikio vikakandamiza. Akarudia mara tatu, ingawa mara moja ilitosha.

"Nilirekebisha rimoti ya mkononi," alisema taratibu. "Kisanduku sikukiambia. Kilibaki kudhani chini ndiyo juu. Na mwokozi haulizi mkono wangu, anauliza kisanduku."

"Nilikuachia," Namkunda alisema.

"Nilikuomba uniachie."

Akampigia simu Nambua. "Nimeangusha, mwanangu."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Baba, kwa mara hii tu..."

"Hapana. Niliahidi."

Akaweka rimoti mikononi mwa Namkunda. Kwa uchovu hakuwa hata na nguvu za kulia, lakini alilia vilevile, na wazee wenzake wakatazama pembeni.

Jumapili iliyofuata alikuja mikono mitupu, miwani yake mizito usoni, akaketi mezani kando ya Namkunda. Wa kwanza kufika alianza kujitetea kwamba ametoka mbali, amechoka, na chombo chake kilipimwa juzi tu, alichobadilisha ni waya moja.

Shemweta alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamnyooshea bisibisi.

"Kuchoka nakujua kuliko wewe," alisema. "Toa mapanga. Mwokozi hupimwa mezani."