Hariri Haiogopi Mlango

“We Mwanakheri, mbona kila mteja mnamtoa nje kabla hajanunua? Mnauza au mnafukuza?”

Aliyeuliza hivyo ni jirani mmoja wa Tanga, mshona makubazi, miaka mingi iliyopita. Naanza na swali lake, wanangu, kwa sababu ndimo ilimotoka methali mliyomsikia shangazi yenu akimwambia yule fundi simu aliyekataa kuijaribu simu mbele yake: Hariri haiogopi mlango. Methali hii ilianza hivi.

Mwanakheri na mumewe, Mungu awarehemu, walikuwa na kiduka cha hariri, chembamba na kirefu kama ujia. Ndani mlikuwa na kiza hata saa sita mchana. Mtu akichagua kitambaa, Mwanakheri hakugusa mkasi. Alikumbatia jora zima, akatoka nalo hadi kizingitini, akalikunjua juani. “Tazama huku, tazama na huku. Taa hupamba, jua hushuhudia.” Mpaka mteja aseme “Kata,” ndipo alipokata.

Jirani naye akapata jibu lake: “Bora aone doa leo hapa mlangoni kuliko kesho harusini.”

Kwa desturi hiyo watu wakawaamini, na Mola akawafungulia riziki. Kiduka kikazaa duka Muheza, la Muheza likazaa la Korogwe, kisha Moshi. Kila mtoto aliyekua alipewa lake, na mama yake hakuuliza kwanza habari za mauzo. Aliuliza, “Mlango wako unatazama wapi?”

Kitindamimba, Sefu, akafungua lake Arusha, ghorofa ya pili, katikati ya jengo kubwa la maduka. Taa ziliwaka hadi ndani ya makabati. Mama alipokwenda kumtembelea alizunguka akilitafuta jua, asilione.

“Mlango uko wapi, mwanangu?”

“Si huu, mama?”

“Huu ni wa chumba.” Akamwombea dua, akarudi Tanga.

Kodi ya pango ilikuwa nzito na wateja haba. Sefu akawaambia ndugu zake kwamba msimu wa harusi ukipita hivihivi, atafunga. Ndipo akaingia Bi Sauda, mwanamke wa Pangani aliyekuwa akimwoza binti yake huko Arusha. Alitaka hariri ya bibi harusi, ya wadogo zake, ya mashangazi wote. Duka lingepona kwa mteja huyo mmoja. Akaichagua ya kijani, akaipapasa.

“Mashaallah. Sasa nipeleke mlangoni, mwanangu.”

Sefu akacheka. “Mama, hapa si Tanga. Taa zangu zinashinda jua.”

“Sikatai. Twende tu.”

“Nishuke ngazi zote hizo na jora begani? Wenzangu wa chini wataniita mmachinga!”

“Basi nitalibeba mimi. Miguu ninayo.”

“Hapana, mama. Kwetu huku kitambaa hakitoki kabla hakijalipiwa.”

Na hariri ile ilikuwa safi, wanangu. Haikuwa na doa wala uzi uliokatika, na rangi yake ilikuwa ileile ndani na nje. Sefu hakuwa na la kuficha ila kuona haya mbele ya wenzake. Lakini Bi Sauda angejuaje? Alichokiona yeye ni muuzaji aliyesimama kati ya kitambaa na jua.

Akalikunja jora polepole, akalirudisha mezani.

“Mama yako namjua,” akasema. “Nimenunua kwake tangu usichana wangu. Hariri haiogopi mlango, mwanangu.”

Sefu akashtuka, akalitupia jora begani. “Haya, mama, haya! Ngoja, nalishusha sasa hivi!”

Bi Sauda akaweka sawa mtandio wake, akatoka, akashika ngazi, asimngoje.