Nani Alipasha Maji ya Bi Mwanjaa?

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye simu aizime, na mwenye mke mwenza asimtazame mwenziwe kwa jicho hilo mpaka nimalize. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina wanawake watatu, maiti mmoja na beseni.

Marehemu ni Bi Mwanjaa wa Lushoto, kule milimani ambako baridi ya mwezi wa saba humfanya jogoo awike akiwa mvunguni mwa kitanda. Miaka thelathini alifua mashuka katika nyumba ya wageni, kwa mikono, kwa maji ya kijito. Alipostaafu, baridi ya maji yale haikustaafu naye. Iliingia mifupani ikakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Vidole vikajikunja, magoti yakagoma. Nyumba ile ilipofungwa, mwenye nyumba akamwambia, "Bi Mwanjaa, sina cha kukupa ila jakuzi."

Jakuzi, kwa asiyelijua, ni beseni la kukaa watu wanne, lenye umeme tumboni. Linapasha maji lenyewe na kuyapuliza mapovu. Wanaume sita walilibeba wakaliweka uani nyuma ya jiko, chini ya mabati. Siku ya kwanza kuku wawili walitumbukia, wakatoka wasafi kuliko wenye nyumba. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini Bi Mwanjaa alipoingia, mwili ulielea, magoti yakanyooka, vidole vikafunguka kimoja kimoja. Tangu hapo, kila alasiri alikaa humo nusu saa. Katika siku nzima, nusu saa hiyo ndiyo pekee aliyokuwa haumwi.

Bi Mwanjaa alikuwa na wanawake watatu wa karibu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Sikudhani, mke mwenza. Yeye alijaliwa masikio. Alikuwa akikaa barazani na kusema, "Maharage yameiva, epueni," kwa kusikiliza tu chungu kinavyonong'ona. Mume wao, Mungu amrehemu, alikuwa hajafika mlangoni tayari ameshakamatwa kwa uongo, kwa sababu kandambili za mtu mwongo, alisema Bi Sikudhani, hukanyaga kwa woga. Miaka arobaini yeye na Bi Mwanjaa walitumia bomba moja na mume mmoja, na sijui ni kipi waligombania zaidi.

Wa pili ni Hidaya, binti wa Bi Mwanjaa, fundi cherehani wa Korogwe. Yeye alijaliwa macho. Alitunga uzi kwenye sindano jua likiwa limeshazama. Ukipita mbele yake umevaa gauni alilolishona mtu mwingine, anakuonyesha uzi uliokosewa kabla hajakusalimia. Ila macho hayo yalikuwa hayajaiona nyumba ya mama yake kwa miaka mitano. Kila akipigiwa simu: "Wiki ijayo, mama." Alikuja pale tu alipoambiwa mama hasimami.

Wa tatu ni Stumai, msusi, mjane wa mtoto wa kiume wa Bi Mwanjaa. Yeye alijaliwa vidole. Akifumua msuko mara moja, vidole vyake haviusahau tena. Atausuka upya mwaka kesho akiwa amefumba macho na anakusengenya. Mumewe alipofariki, ndugu za mume walimwambia arudi kwao. Bi Mwanjaa akagonga fimbo chini: "Huyu ni wangu. Anayetaka aondoke, aanze kuniondoa mimi." Wakanyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali, nanyi mnajua.

Basi, jakuzi likafa. Maji yanazunguka, mapovu yanapanda, lakini baridi kama pua ya mbwa. Walijaribu kupasha kwa masufuria jikoni. Likifika la tano, la kwanza limeshapoa. Bi Mwanjaa akalala siku tatu bila kukunjua kidole.

Akaitwa fundi Mbelwa. Akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari. "Koili ya kupashia maji imekufa. Tunanunua koili na pampu kabisa."

Bi Sikudhani akasema kutoka barazani, "Wewe mtoto, hiyo koili ni nzima."

"Bibi, umejuaje na uko huko?"

"Zamani ukibonyeza, linasema *tik*, halafu maji yanapumua. Siku hizi yanapumua tu. *Tik* imekwenda wapi?"

Fundi akacheka. Akapima koili, akakuta nzima. Akapima pampu, nzima. Akafungua kisanduku cha umeme, na ndani kulikuwa na bodi, kile kibao cha kijani chenye njia nyembamba za umeme, ambacho ndicho ubongo wa jakuzi. Swichi yake ya kuamrisha moto ilikuwa imeungua mgongoni, haisemi *tik* tena. Fundi akavua kofia. "Bibi, nifundishe kazi." Bila masikio yale wangenunua koili, wangefunga koili, na maji yangebaki baridi.

Stumai, mwenye vidole vyepesi, akachomoa nyaya, bodi ikatolewa ipelekwe Tanga mjini, kwa muuza vifaa, ikatafutiwe mwenzake. Na hapa ndipo palipotokea kosa ambalo halingetokea nyumba nyingine duniani. Bi Mwanjaa aliiona ile bodi, imejaa masizi na kinyesi cha mjusi. Mwanamke aliyefua mashuka miaka thelathini! "Chombo hakiendi kwa watu na uchafu," akasema. Wote walipokwenda kusali, akaivuta karibu, akaisugua kwa vile vidole vilivyokunjika, kwa sabuni na stili waya, machozi ya maumivu yakimtoka, mpaka ikang'aa. Ikang'aa na karatasi ya namba ikaondoka. Maandishi nayo yakaondoka.

Hakuna aliyeweza kumgombeza. Ungesema nini?

Muuza vifaa akauliza, "Namba?" Hawana. "Basi jina la jakuzi." Wakamtajia. Akawapa bodi iliyofanana na ile kama pacha. Fundi Mbelwa akaigeuza, akajishika kichwa. Ilikuwa ya nchi ambazo umeme wao ni nusu ya huu wetu. Ingewashwa ingekaangwa kama andazi. Ikarudishwa. Wiki mbili zikapita hivyo, na Bi Mwanjaa akaacha kuomba chai, maana hakuweza tena kushika kikombe, na kunyweshwa hakutaka.

Hidaya akaichukua ile bodi kuukuu akatoka nayo juani. Akailaza hivi, akailaza vile, kama mtu anayetafuta doa kwenye hariri. Katikati ya bodi palikuwa na kidude cheusi chenye miguu mingi, ukubwa wa ukucha. Stili waya ilikuwa imepita hapo pia, lakini ilikuwa imebakiza mikwaruzo ambayo wewe na mimi tungeiita vumbi.

"Andika," akamwambia Stumai. "Tano. Nne. Herufi ya Z… hapana, mbili. Sifuri. Moja. Halafu K."

Walipompigia muuza vifaa, akasema, "Hiyo ninayo. Imebaki moja. Mngesema toka mwanzo!" Bila macho yale wangechagua pacha wa pili, na wa tatu, na mgonjwa asingengoja.

Bodi mpya ikafika. Fundi Mbelwa akaifunga, mkono ukaenda kwenye swichi kuu.

"Ngoja," akasema Stumai. "Hivyo vijino vidogo pembeni. Kwenye ile ya zamani havikulala hivi."

Vilikuwa vijino kumi, vidogo kama chawa, na kwenye bodi mpya vyote vimelala chini. Fundi akakuna shingo. Vijino hivyo ndivyo vinavyoiambia bodi ina pampu ngapi na itumie umeme kiasi gani. Vikikosewa, ama haipashi, ama inaungua palepale. Na ile ya zamani? Iliposuguliwa, stili waya iling'oa nusu ya vijino.

Stumai akafumba macho. Alikuwa amevigusa mara moja tu, siku ile alipochomoa nyaya. Vidole vikaanza kutembea hewani. "Kimoja juu. Viwili chini. Kimoja juu. Vitatu chini…" Kama anasuka. Fundi akafuata. Swichi ikapandishwa.

*Tik.*

Barazani, Bi Sikudhani akaanza kulia kabla mtu yeyote hajasema neno. Bila vidole vile bodi iliyobaki moja ingeungua siku ya kwanza.

Walimwingiza Bi Mwanjaa alasiri ile, watatu wamemshika, gauni likielea kama ua. Vidole vikafunguka. Akavitazama kama watoto waliorudi safari. Halafu akasema, "Siku yangu ikifika, aliyenipashia maji haya ndiye ashike kata ya maji aniogeshe. Mmoja tu. Mkishika watatu mtanigombania, na mimi sitakuwa na mdomo wa kuwaamua."

"Yupi sasa, bi mkubwa?" akauliza Bi Sikudhani.

Bi Mwanjaa akafumba macho, akatabasamu. "Anajijua."

Mnaona uchokozi huo? Nusu saa ikaisha, wakamtoa, wakamfuta. Siku ya pili hakuamka.

Sasa tupo chumbani. Mwili umefunikwa shuka nyeupe. Ndoo ya maji ya moto ipo, mvuke unapanda. Kata ni moja, na watatu wameizunguka.

"Ni mimi," anasema Bi Sikudhani. "Bila mimi msingejua ugonjwa uko wapi. Miaka arobaini sijamwambia hata mara moja, nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa nangoja yeye aanze. Nipeni kata nimwambie kwa maji."

"Mama mdogo, ni mimi," anasema Hidaya. "Bila mimi msingejua dawa ni ipi. Yeye aliniogesha nilipozaliwa. Miaka mitano nilimwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo hii."

"Bila mimi dawa ingeungua," anasema Stumai polepole. "Nyie mkikosa kata, mtabaki mke mwenza na mtoto wake. Mimi je? Aliyekuwa akisema 'huyu ni wangu' ndiye huyu hapa, amenyamaza. Shemeji zangu wako nje. Wanangoja kuona nani anatoka na kata mkononi."

Mlangoni amekaa mtani wa nyumba hiyo, mwanamke mnene aliyevaa gauni la kufulia la marehemu, mchezo wa watani msibani, na tangu asubuhi amewachekesha watu mpaka wenye msiba wakashika matumbo. Sasa anachungulia ndani, na hacheki.

"Jamani," anasema. "Maisha yake yote maji baridi. Leo pia?"

Mvuke juu ya ndoo umepungua. Bi Sikudhani anausikia ukiisha. Hidaya anauona. Stumai amechovya kidole, naye anajua.

Nami sina la kuongeza. Kata iko pale sakafuni, na maji hayawezi kungoja mpaka mkapige kura. Je, wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma: kata ungempa nani?