Hodi ya Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini? Pakawa na njaa, wanangu. Hapo zamani za kale mvua iligoma, wanyama wakagawana akiba: ghala la wenye manyoya, ghala la wenye magamba, ghala la wenye mabawa. Kila mmoja na ukoo wake.

Kakakuona alikuwa na mtoto mmoja tu, Masika. Alimbeba mkiani. Mtoto alilia njaa mpaka sauti ikamkauka.

Akaenda kwa Nyani, mlinzi wa ghala la manyoya. "Ndugu yangu, mimi nanyonyesha kama nyinyi. Nipe japo konzi moja ya mtama."

Nyani akamtazama mgongo. "Na hayo magamba? Nenda kwa wenzako."

Akaenda kwa Kenge, mlinzi wa ghala la magamba. "Ndugu yangu, nitazame, mwili mzima magamba matupu."

"Sisi tunataga mayai, bibi. Wewe unanyonyesha. Nenda kwa wenzako."

Nenda kwa wenzako! Wenzake wako wapi? Kakakuona akatembea machozi yakimtoka, na Masika mkiani ameanza kulegea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Akafika kwa mjane Kanga, mlinzi wa ghala la mabawa. Kakakuona bawa hana hata moja, undugu ataudai vipi? Safari hii hakusema ndugu. Alisimama mlangoni.

"Hodi."

"Wewe si wa kwetu, mama."

"Sikusema mimi wa kwenu. Nimepiga hodi. Mimi ni mgeni."

Tangu azaliwe, Kanga hajasikia hodi ikijibiwa kwa kuulizana ukoo. Akaona haya. "Karibu," akasema, akatandika mkeka, akakoroga uji. Masika akanywa, akafumbua macho.

"Ila mgeni siku mbili," Kanga akasema, "ya tatu mpe jembe."

"Ndiyo desturi, mama."

Siku ya tatu akapewa jembe. Kakakuona akalirudisha, akaonyesha kucha zake. Akashuka kwenye mto uliokauka, akachimba, akachimba, akachimba, mpaka maji yakatoka.

Nyani akaja na kibuyu. Kenge akaja na kibuyu. Wakasimama kando, vichwa chini.

"Hodi," wakasema kwa sauti ndogo.

Kakakuona akawatazama, mwanawe mkiani. Kisha akajibu, "Karibuni."

Tangu siku ile kila ghala hutenga chungu cha mgeni. Basi jifunzeni, wanangu: mwenye njaa mlishe kwanza, ukoo muulize akishiba.

Hadithi yangu naiacha mlangoni pako. Ikipiga hodi, ifungulie.